Kabla ya Kusoma HV, Hakikisha Unachokiona ni His

Wenzangu mnaoanza kazi kwenye maabara ya umeme wa moyo, naijua hamu ya kuweka kalipa (mistari ya kupimia muda) kwenye skrini na kutaja namba kabla daktari hajauliza. Nawaomba msubiri kidogo.

Chukua mgonjwa aliyezimia bila sababu kujulikana, na ECG yake inaonyesha bloku, yaani umeme kuzuiwa, ya tawi la kulia pamoja na ya kipande cha mbele cha tawi la kushoto. HV ni muda wa umeme kutoka fungu la His, njia inayoutoa atria (vyumba vya juu vya moyo) kuupeleka ventrikali (vyumba vya chini), hadi ventrikali zianze kuamka; ya kawaida ni milisekunde 35 hadi 55. Kwa mgonjwa huyu ikifika 70, mwongozo wa Ulaya wa 2021 unaelekeza awekewe betri ya moyo. Kati ya 55 na 70 pana milisekunde 15 tu: kwa kasi ya ECG ya kawaida, milimita 25 kwa sekunde, haifiki hata nusu milimita. Ndiyo maana mimi hupima kwa kasi ya 200, ambapo tofauti hiyo inakuwa milimita 3 zinazoonekana.

Tangu Benjamin Scherlag na wenzake walipoeleza mwaka 1969 namna ya kunasa ishara ya fungu la His kwa katheta (waya mwembamba wenye elektrodi) inayopitia mshipa wa paja, mtego mkubwa haujabadilika. Katheta ikisukumwa ndani mno ya ventrikali, mchomo mwembamba unaouona, yaani ishara fupi kali kwenye skrini, unaweza kuwa wa tawi la kulia. Ukiuita His, utaandika HV fupi kuliko ilivyo, na mgonjwa anayehitaji betri ataruhusiwa kwenda nyumbani. Angalia A, ishara ya atria, inayoutangulia mchomo huo. Ikiwa ndogo sana au haipo, na kutoka mchomo hadi V, ishara ya ventrikali, ni chini ya milisekunde 30, omba katheta irudishwe taratibu hadi A ionekane vizuri.

Kosa la upande wa pili hutokea mwishoni mwa kipimo. HV haiishii kwenye V ya katheta ya His. Inaishia pale ventrikali inapoamka mapema kuliko kwingine kote, iwe kwenye lidi yoyote kati ya 12 za ECG au kwenye katheta yoyote iliyo ndani. Zifungue lidi zote, uzikuze, halafu shusha mstari wima. Kwenye bloku ya tawi la kulia hili lina uzito wa pekee, maana upande wa kulia huchelewa. Ukipima hadi V ya pale unaweza kuongeza milisekunde ambazo mgonjwa hana.

AH, yaani muda kutoka A hadi His, isikusumbue sana. Hofu, dawa ya usingizi na neva ya vagasi huibadilisha, hata kama takriban milisekunde 50 hadi 120 ndiyo kawaida.

Ukiwa na shaka, chochea atria kwa kasi inayopanda. Kwa kawaida AH hurefuka na HV hubaki palepale. Mchomo ukiganda na A huku ukiachana na V, huenda ni sehemu ya A yenyewe, au huenda ni ugonjwa wa kweli chini ya His. Hapo usibahatishe: sogeza katheta, tafuta ishara safi, rudia mapigo kadhaa, na kwenye ripoti eleza ulipimia wapi.