Kwa Binti Yangu, Kuhusu Miche Aliyopanda Nyanya Yako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama nitaona aibu ukiacha benki hapo Nairobi urudi huku Tetu uwe mwalimu wa kulipwa na bodi ya shule, na lile duka la marehemu baba yako uligeuze maktaba. Aibu sina. Ninachojiuliza ni nani atamwagilia.

Unakumbuka nyanya yako alivyomtaja Wangari Maathai, yule mama wa kupanda miti, kama aliyemzaa mwenyewe, kwa sababu tu Ihithe alikozaliwa ni huku kwetu. Wangari alikuwa msichana aliyesomea biolojia Kansas, Marekani, akaenda Pittsburgh, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Kisha akaja kuinama kwenye udongo na akina mama wasiojua kuandika majina yao. Mabwana misitu walisema miti inataka watu wenye cheti. Akina mama wakaokota mbegu chini ya miti yao wenyewe, wakazipanda kwenye mikebe mikuukuu. Na walilipwa senti chache, si kwa mche uliopandwa, bali kwa mche ulioshika. Hilo ndilo nililolishika mimi: kupanda ni siku moja, kumwagilia ni mwaka.

Nimelishika kwa uchungu. Mwaka 1984 mvua ilikataa, nami nilikuwa darasa la sita. Nyanya yako alikwenda kuuguza dada yake, akaniachia mikebe sitini nyuma ya jikoni. Siku ya kwanza nilishuka mtoni mara nne. Ya pili, mara mbili. Ya tatu kulikuwa na mpira shuleni. Aliporudi hakunigombeza. Alikaa chini, akang'oa mche mmoja mmoja uliokauka, akaipanga mikebe mitupu mstari mmoja ukutani, akaniita nihesabu. Arobaini na tisa. Afadhali angenichapa. Ile pesa ya miche ilikuwa ya sare yangu, na sare alininunulia vilevile. Sikuwahi kumuuliza aliipata wapi.

Sasa utasema nakukataza. Sikukatazi. Wangari mwenyewe aliacha kazi chuo kikuu mwaka 1982 ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na kazi hakurudishiwa, naye ni mama wa watoto watatu. Miche haikukoma. Basi mbona nakutisha na mshahara? Lakini tena, yeye alikuwa na akina mama nyuma yake, wengi, kila kijiji na kikundi chake. Wewe una nani? Watoto wa hapa watajaa maktaba wiki ya kwanza, hilo sina shaka. Mimi nafikiria mwezi wa nane, vitabu vimechanika, bodi haijakulipa, na mwenzako wa benki amenunua gari. Kupanda ni siku moja, mwanangu.

Ulimi unaniwasha kukuambia la kufanya. Nauma meno.

Kati ya ile miche kumi na mmoja iliyopona, muringa uliobaki ni ule unaofunika paa la jikoni, ulioukwea ukaanguka ulipokuwa na miaka saba. Duka nimelifagia. Sijalifagia kwa sababu yoyote, lilikuwa na vumbi tu. Rafu mbili ni nzima, ya tatu imeliwa na mchwa.

Mama yako