Barua ya Mteja Ndani ya Programu ya Akili Mnemba

Swali: Ofisini tumepewa programu ya akili mnemba ya kutusaidia kuandika. Juzi niliibandikia barua nzima ya malalamiko ya mteja, pamoja na jina na namba yake ya simu, ili initungie jibu. Je, nilikosea?

Jibu: Inategemea uliibandika wapi. Programu ambayo mwajiri ameilipia kwa kawaida huwa na mkataba unaozuia maandishi yenu yasitumike kuifundisha mashine, ilhali akaunti ya bure uliyojifungulia mwenyewe huenda ikayahifadhi na kuyatumia, na ukishayatuma huna tena mamlaka kamili juu yake. Mwaka 2023 Samsung iliwakataza wafanyakazi wake kutumia zana za aina hii baada ya baadhi yao kuingiza msimbo wa siri wa programu za kampuni katika ChatGPT, nao hawakuwa wageni wa kompyuta. Hata katika programu ya ofisi, kazi yako haikuhitaji jina wala namba: ungeandika “Mteja A”, kisha ukarudisha jina halisi kwa mkono wako. Ikiwa ulitumia akaunti binafsi, mwarifu msimamizi wako leo, kabla hajagundua mwenyewe. Na jibu ulilotungiwa lisome upya, maana programu hizi huweza kubuni tarehe, hata ahadi ya fidia ambayo kampuni haikuitoa.