Barua kwa mwanangu: kata rufaa, usijikaze

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata. Umesema wamekunyima PIP, ile posho ya serikali ya Uingereza kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, na unauliza: kwa kuwa siku nyingine mgongo unatulia, unapika na kutoka, je, ukikata rufaa si utakuwa unagombea haki ya wagonjwa wa kweli?

Hapana. Sheria ya PIP yenyewe inajua kwamba maradhi yana siku zake. Kinachotakiwa kupimwa ni hali yako katika zaidi ya nusu ya siku. Kama siku nne au tano za wiki huwezi kuinua sufuria, hizo ndizo zinazohesabika, na zile mbili nzuri unazitaja vilevile bila kuficha. Tena kuweza peke yake hakutoshi. Uweze kwa usalama, kazi yenyewe itoke vizuri, uweze kuirudia kila inapohitajika, na usitumie zaidi ya mara mbili ya muda ambao mtu mwenye afya angetumia. Hapo ndipo watu wa maumivu wanapodhulumiwa, maana anayekutazama anaona mkono umeinuka, basi.

Chukua kupika. Kwenye fomu umeandika "napika, ila kwa shida". Shida gani? Mimi nimekuona ukikata kitunguu umekaa kwenye stuli. Nusu hakijafika, unaweka kisu, unashika ukingo wa meza na kufumba macho. Wali ukiiva huigusi sufuria, unamwita Yusuf. Ukishakula unalala mpaka magharibi, na kesho yake hupiki kabisa. Hata moja halimo kwenye fomu. Wamekupa pointi 2 kwa kuwa unatumia stuli, wakapita. Mtu anayehitaji msaada wa mwenzake kupika chakula cha kawaida hupewa 4. Upande wa maisha ya kila siku zinatakiwa 8 ili upate kiwango cha chini, ambacho kwa mwaka wa 2025/26 kilikuwa pauni 73.90 kwa wiki. Kwa mtu anayekwenda kliniki kwa teksi, si haba.

Kutembea nako ni hivyo hivyo. "Dukani naenda mwenyewe." Kweli unakwenda, lakini njiani unasimama kwenye ukuta wa jirani. Wao wanahesabu mita unazoweza kutembea: 20, 50, 200. Mwambie Yusuf apime kutoka mlangoni mpaka pale unaposimama mara ya kwanza, na uandike inakuchukua muda gani kabla hujaweza kuendelea.

Halafu kuna adabu zetu. Mtathmini alipokupigia simu akakuuliza hali, ukamjibu nzuri, alhamdulillah, kama tulivyokulea. Sishangai ukiyakuta hayo kwenye ripoti kama ushahidi. Salamu ijibu, kisha mwambie usiku ule umelala saa ngapi na umeamka mara ngapi.

Usianze maombi mapya, hata kama wenzio wanakwambia ni rahisi zaidi. Maombi mapya huhesabiwa kuanzia siku unayoyapeleka, ilhali ukishinda rufaa unalipwa na ya nyuma. Kwanza unaomba uamuzi uangaliwe upya, ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe iliyo kwenye barua, na tarehe hiyo iangalie sasa hivi. Mara nyingi hapo ofisi inashikilia neno lake, usivunjike moyo. Jibu likifika una mwezi mwingine wa kupeleka rufaa kwenye baraza la rufaa (tribunal), ambako hulipi kitu. Baraza haliko chini ya ofisi iliyokukatalia: hukaa jaji, daktari na mtu anayejua mambo ya ulemavu. Kwa miaka kadhaa sasa, kesi za PIP zinazosikilizwa huko, zaidi ya nusu mwombaji hushinda. Mkalimani ukimtaka wanamleta wao. Chagua kusikilizwa mwenyewe, usikubali waamue kwa makaratasi tu. Aliyekwisha kupewa kitu anaweza kupunguziwa, ila wewe ambaye hukupewa hata senti watakupunguzia nini?

Mimi nilipokwenda na magoti yangu, daktari wa baraza aliniuliza nashukaje ngazi asubuhi. Nikamwambia, kwa makalio, ngazi moja moja. Kabla yake hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Barua ya daktari isiyosema zaidi ya "ana maumivu sugu ya mgongo, anatumia dawa" haikusaidii sana. Mwombe aandike usichoweza kufanya na kwa nini, na kama dawa zinakulaza mchana alitaje na hilo. Kama daktari wako anatoza barua, basi yule wa mazoezi ya viungo aliyekuona mwaka mzima anakujua zaidi. Yusuf naye aandike anachokufanyia, kwa maneno yake, asipambe. Na wewe weka daftari la siku kumi na nne, zote, mbaya na nzuri.

Kesho asubuhi wapigie simu uombe nakala ya ripoti ya mtathmini, ni haki yako. Halafu nenda Citizens Advice, ile ofisi ya kushauri watu juu ya haki zao, hapo mjini kwenu, ushauri wao ni bure. Ripoti ikifika usiisome peke yako, itakuudhi. Nipigie Jumamosi baada ya adhuhuri, tuipitie pamoja, tuanze na ukurasa wa kupika.

Mama yako