Kwa Mkapa: panga kutoka kabla hujaingia

Mara ya kwanza kumpeleka mpwa wangu kuangalia watani wa jadi, Simba na Yanga, Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, alikuwa na miaka tisa. Kuingia hakukunisumbua. Tiketi nilikata mapema, na saa nane tulishakaa jukwaa la mzunguko tukisubiri mpira wa saa kumi na moja.

Kilichonitoa jasho ni kutoka. Filimbi ya mwisho ilipolia nikafuata umati kwenda Barabara ya Mandela kutafuta daladala. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000, na Mandela ndiyo hiyo hiyo inayopitisha malori ya makontena kutoka bandarini. Daladala zinapita zimejaa hadi mlangoni, boda wamepandisha bei. Nageuka nimwambie mtoto turudi nyuma, simwoni.

Dakika ishirini zile sitazisahau. Nilimkuta kwenye benchi la mama mmoja muuza mihogo. Alimwona anazunguka analia, akamkalisha: "Tulia hapa baba, mjomba wako atapita tu." Nilishindwa hata kushukuru vizuri.

Basi ndugu yangu unayetaka kumpeleka mtoto, anza na kutoka. Mechi ikiisha, kaeni vitini nusu saa nzima. Najua presha inavyokuwa, hasa timu yako ikifungwa, lakini kaeni. Mkitoka, msigombee usafiri pale pale nje. Wa Kariakoo na mjini, shikeni Barabara ya Chang'ombe kwa miguu, mpite chuo cha ufundi cha VETA hadi inapokutana na Barabara ya Nyerere. Huko daladala zinapatikana. Wa Mbagala, elekeeni Mgulani mkatokee Kilwa Road. Kutembea na mtoto kunachosha, ni kweli, ila mtakuwa mbali wakati wenzenu bado wanasukumana.

Kabla ya kuingia, mwonyeshe mahali pa kukutana mkipotezana. Sisi tunatumia Uwanja wa Uhuru, Shamba la Bibi, kwa sababu uko jirani na hakuna mtu wa maeneo yale asiyeujua. Ndipo bendera yetu ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Mpwa wangu nilimsimulia hayo, na tangu siku hiyo hapasahau. Namba yako ya simu mwandikie mkononi kwa kalamu ya wino. Mtandao ukizidiwa huwezi kupiga, lakini atakayemkuta mtoto akitoka kidogo nje ya umati atakupata.

Kwenye mageti sitaki utani kabisa. Mei 2023, mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger ya Algeria, watu walikanyagana pale pale kwa Mkapa. Mmoja akafariki, wengine wakajeruhiwa. Ukifika ukakuta watu wamebanana getini, mbebe mtoto urudi nyuma. Dakika kumi za kwanza za mpira zikupite tu.

Jezi vaeni, maji nunueni nje mnywe kabla, simu iwe mfuko wa mbele.

Na kama unatoka mkoani, njoo siku moja kabla. Shuka Chang'ombe jioni, barabara zikiwa tulivu, mtembee na mtoto kuanzia getini hadi mtakapopandia gari. Mwache yeye atangulie, akuonyeshe njia.