Ashura, Yom Kippur na kutakiana amani: majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wa kusini wanaotaka kujua sikukuu za Waislamu na za Wayahudi zinakutana wapi. Kwa upande wa fikihi tumefuata madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani yetu.

Nasikia Ashura imetokana na Wayahudi. Funga yetu na yao ni moja? (Mikindani)

Chimbuko linakutana, siku na utaratibu vimeachana. Kwa mapokezi ya Ibn Abbas, Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta Wayahudi wamefunga. Alipouliza, wakamwambia ndiyo siku Mungu aliyomwokoa Musa na Wana wa Israeli kutoka kwa Firauni. Akasema sisi tuna haki zaidi kwa Musa, akafunga na akaamrisha watu wafunge. Ramadhani ilipofaradhishwa mwaka wa 2 Hijria, Ashura ikabaki sunna. Ashura ni tarehe 10 Muharram; baadaye alikusudia kuiongezea tarehe 9, yaani Tasua, ndiyo maana tunafunga Tasua na Ashura pamoja.

Wayahudi wa leo hufunga Yom Kippur, tarehe 10 ya mwezi wao wa Tishri. Ni siku ya toba. Kisa cha Firauni wanakikumbuka kwenye Pasaka yao. Mlo wa mwisho huliwa kabla jua halijazama, kisha ni karibu saa 25 bila chakula wala maji, bila kuoga kwa starehe, bila kujipaka mafuta, bila viatu vya ngozi na bila tendo la ndoa. Sisi tunaanza alfajiri, na hadithi inasema kinachotenganisha funga yetu na ya Ahlul Kitabi (watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo) ni kula daku.

Kosa tunalolikuta: mtu anaona Yom Kippur kwenye kalenda ya simu, anafunga siku hiyo akidhani ni Ashura. Fuata Muharram.

Mbona Ramadhani inahama kila mwaka, Pasaka yao haihami? (Nachingwea)

Wote tunahesabu mwezi mwandamo. Miezi 12 ya mwandamo ina siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11. Sisi tunaiacha hivyo, kwani Qur'ani (9:37) imekataza kuchezea mpangilio wa miezi, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote kwa miaka kama 33: safari hii masika, safari nyingine watu wako mashambani wanaokota korosho. Wayahudi huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19, maana Torati inataka Pasaka iangukie majira ya kuchipua ya nchi yao, Machi au Aprili.

Wana kitu kama zakatul fitri? (Lindi mjini)

Wanacho. Tuanze na yetu, maana hukosewa sana. Ni pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu unayemlisha, akiwemo mtoto mchanga. Kwa mizani wengi hutoa kilo 2 na nusu hadi 3 za nafaka inayoliwa zaidi mahali hapo. Nyumba ya watu sita ni kilo 15 hadi 18. Kwa Shafii hutolewa nafaka yenyewe: mchele au mahindi, si unga. Mchele wenye wadudu haufai. Itoke kabla ya swala ya Idi, na inafaa pia imfikie maskini usiku wa kuamkia Idi, apate muda wa kupika. Ukiichelewesha hadi baada ya swala, hadithi inasema ni sadaka kama sadaka nyingine.

Wayahudi kabla ya Pasaka huchangia "pesa za ngano", ili maskini apate unga wa mkate usiochachwa. Mkate wenyewe una haraka yake: unga ukishaguswa na maji, kukanda na kuoka kumalizike ndani ya dakika 18. Na katika Purimu, sikukuu yao ya furaha ya kukumbuka kuokolewa kwao Uajemi, kila mtu huwapa zawadi maskini wasiopungua wawili. Maimonides, mwanachuoni wa karne ya 12 aliyeishi Misri, aliandika kuwa ni bora kuzidisha zawadi za maskini kuliko karamu yako mwenyewe. Ukiliweka hilo pembeni ya pishi, utaona dini zote mbili zimeikataa sikukuu ambayo jirani yake ana njaa.

Nimegombana na kaka yangu kwa mpaka wa shamba la mikorosho. Nikifunga vizuri, si Mungu atasamehe? (Newala)

Dada, hapa hakuna njia ya mkato, na dini zote mbili zinasema hivyo waziwazi. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Wayahudi, inafundisha kwamba Yom Kippur husamehe makosa ya mtu kwa Mungu, lakini ya mtu kwa mwenzake haiyasamehi mpaka amridhishe huyo mwenzake. Mila yao ni kumwendea aliyekosewa hadi mara tatu. Kwetu, hadithi inasema si halali Mwislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni anayeanza kutoa salamu.

Lifanye kwa mpangilio. Nenda wewe mwenyewe, siku chache kabla ya Idi, usingoje asubuhi ya Idi yenyewe, maana mbele ya wageni atakubali kwa aibu na kinyongo kitabaki. Ujumbe wa simu hautoshi kwa ugomvi wa ardhi. Taja kosa lako kwa jina lake: "Nilihamisha alama", si "kama nilikukosea." Kama umekula korosho za miti yake, toba haitimii bila kurudisha haki: zipimeni kilo, mkubaliane thamani. Halafu mpaka uwekwe upya mbele ya mzee wa ukoo na mwenyekiti wa kijiji, mwandike na kusaini. Suluhu isiyoandikwa huvunjika msimu unaofuata, wakati wa kufyeka.

Tunapata mgeni Myahudi wiki ya Idi. Tumpikie nini? (Mtwara mjini)

Muulizeni kwanza, maana wapo wanaoshika sheria zote na wapo wanaoshika kidogo. Kwa anayeshika zote, nyama yetu ya halali haimtoshi, kwani yao ina mchinjaji na ukaguzi wake. Nyama na maziwa havikai sahani moja. Pweza, ngisi, kamba, kaa, papa na taa, vyote hapana. Samaki awe na mapezi na magamba: changu anafaa, kibua anafaa. Nunueni mzima, na ngozi yake, ili ayaone magamba kwa macho yake.

Kisu na sufuria ndipo wenyeji wengi wanapokwama. Sufuria iliyopikiwa nyama ya kawaida haimfai. Samaki afungwe tabaka mbili za foili na chumvi na ndimu, achomwe juu ya mkaa. Kisu kiwe kipya, na mwacheni mgeni mwenyewe awashe jiko, wengine hulijali sana. Tui si maziwa kwao, kwa hiyo wali wa nazi hauna tatizo ukipikwa kwenye sufuria mpya. Korosho, maembe na madafu, mkaribisheni bila wasiwasi.

Gaza watu wamekufa. Kumtakia Myahudi heri si usaliti? (Kilwa Masoko)

Si usaliti. Qur'ani (60:8) haikatazi wema na uadilifu kwa wasiokupiga vita kwa ajili ya dini wala kukutoa nyumbani kwako. Serikali, jeshi na mtu mmoja ni vitu vitatu tofauti. Waombee watoto wa Gaza bila woga, na uwakumbuke pia vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo wakauawa Oktoba 2023. Usiku wa Pasaka Wayahudi hudondosha matone 10 ya divai, moja kwa kila pigo la Misri, na wengi wao hueleza kuwa furaha ipungue kwa sababu Wamisri nao waliumia.

Mfano wa karibu uko Mbale, Uganda: mwaka 2004 wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu waliunda ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera. Wakulima wa AMCOS zetu, vyama vya ushirika vya mazao, wataelewa uaminifu unaohitajika hapo, mizani ikiwa moja na malipo yakiwa ya wote.

Salamu gani inafaa? (Masasi)

"Shalom" inatosha siku yoyote. Mwaka wao mpya, "Shana tova". Kabla ya Yom Kippur, "Gmar chatima tova", yaani uandikiwe mwisho mwema. Tisha B'Av ni siku ya maombolezo, usimpongeze. Naye akikwambia "Idi mubarak", mwitikie kwa furaha. Akikuuliza kwa nini tunamaliza swala kwa kutoa salamu kulia na kushoto, atakuelewa haraka: yeye humaliza sala yake kwa kurudi nyuma hatua tatu, akainama kushoto, kulia na mbele, huku akimwomba Mungu alete amani.