Nilivipima viwili, nikabaki na changu

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama inafaa kununua kishikwambi kipya kwa ajili ya kusoma kwa raha tu. Swali hilo ninalo tangu Ramadhani. Mimi husoma kila usiku baada ya isha, na kichwa kilikuwa kikianza kuniuma kabla sijamaliza kurasa kumi. Fedha ya kununulia kipya nilikwisha kuiweka.

Changu ni iPad Air ya 2013. Binti wa dada yangu alipokuja likizo kutoka Maskati alikuwa na iPad ya 2022, ile ya kizazi cha kumi. Tukaketi kibarazani, tukafungua ukurasa uleule kwenye vyote viwili. Nilitarajia mbingu na ardhi. Herufi zilikuwa zilezile! Tukatafuta vipimo: changu kina nukta 264 kwa kila inchi, na chake 264. Changu kina gramu 469, chake 477. Miaka tisa, na ukali wa herufi haujasogea, ilhali mkono ungeongezewa mzigo. Kioo chake ni kikubwa kidogo, na rangi yake hujirekebisha kufuata mwanga wa mahali ulipo. Hilo nililipenda kwa dhati. Anayetumia iPad 2 ya 2011, yenye nukta 132, huyo simzuii. Atafurahi.

Tukafungua kile kinachonitesa hasa: kitabu cha zamani cha historia ya pwani, PDF iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Ukungu uleule. "Mama mdogo," akaniambia, "hapa kibovu ni hiyo picha." Alisema kweli. Kitabu cha EPUB, yaani faili la maandishi yenyewe badala ya picha, ukikuza herufi, mistari hujipanga upya kutosha kioo; PDF ya picha ukiikuza, ukurasa wote unakua, nawe unabaki kuusukuma kwa kidole kulia na kushoto, mstari baada ya mstari. Hakuna duka linalouza dawa ya hilo. Nimeanza kutafuta nakala bora za vitabu vyangu, na mbili nimezipata.

Jirani yangu ananisifia Kindle Paperwhite yake ya 2021, kifaa cha kusomea vitabu: gramu 205, nukta 300, na juani herufi zinazidi kuonekana wakati vioo vyetu vinageuka vya kujitazamia. Kwa riwaya ningeichukua leo. Kwa PDF za ukurasa mpana, inchi 6.8 hazitoshi, maandishi yanakuwa kama yale ya kwenye chupa ya dawa.

Mwishowe nilikwenda kupimwa macho. Nina miaka 51, na miwani ya kusomea sikuwahi kuvaa. Nikaandikiwa miwani ya nguvu +2.00. Usiku ule nilisoma kurasa arobaini kwenye kishikwambi kilekile, kichwa kikiwa shwari, nikasikitika kwa miezi yote niliyopoteza.

Kwa hiyo jibu langu ni bado. Mfumo endeshi wa changu uliishia iOS 12, na programu ninayosomea imekwisha kukataa masasisho, ingawa vitabu inavifungua. Siku itakapogoma kuvifungua, nitakwenda dukani. Nitavaa miwani yangu, na kile kitabu chenye ukungu nitakuwa nacho kwenye simu, nikifungue palepale kaunta kabla sijatoa hela.