Shawa inatoa maji kama uzi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nilikuwa karani wa benki hapa Dar es Salaam miaka 12. Kazi ilipoisha nikasoma kozi fupi ya ufundi bomba VETA. Nina miaka 41. Kazi yangu ya kwanza ni nyumba ya shemeji yangu: tangi juu ya mnara wa mita 3, bomba za plastiki za PPR, zile za kuunganishwa kwa joto, za nusu inchi mpaka bafuni. Hakuna panapovuja, ila shawa inatoa maji kama uzi. Nimekosea wapi? Na nianzeje kujitegemea bila kumaliza akiba?

JIBU: Kaka, karibu kwenye kazi ya kulowa. Chukua msumeno, kata elbo moja, yaani kiungo cha kona, uipasue kwa urefu uchungulie ndani. Nadhani utakuta pete ya plastiki iliyoyeyuka imekula njia ya maji. Mgeni wa mashine ya kuchomelea huogopa kuvuja, basi anahesabu mpaka kumi halafu anasukuma kwa nguvu zote. Kweli hapavuji, lakini bomba la nusu inchi lenye ukuta mnene lina nafasi ya milimita 13 hivi ndani. Pete mbili tatu za namna hiyo, maji yanapita kwa kuomba ruhusa.

Mashine ifike nyuzi 260 kwanza. Weka alama ya penseli milimita 14 kutoka ncha ya bomba. Ingiza bomba na elbo kwenye mashine kwa pamoja, na anza kuhesabu vikishazama vyote: sekunde 5 kwa nusu inchi, 7 kwa robo tatu. Toa, unganisha moja kwa moja bila kuzungusha, ishia kwenye alama, shikilia, kisha uache dakika 2 bila kuigusa.

Kosa la pili ni la hesabu, nawe ni mtu wa benki! Mita 3 za mnara si mita 3 za presha. Kinachohesabika ni kimo kutoka usawa wa maji hadi kichwa cha shawa, na shawa iko mita 2 kutoka sakafuni. Umebakiwa na mita 1 na kitu, yaani kama 0.1 ya baa, kipimo cha presha, maana mita 10 ndiyo baa 1. Presha ndogo hivyo inataka bomba pana: shuka na inchi moja kutoka kwenye tangi mpaka bafuni, nusu inchi ianzie kwenye pointi tu, pale panapofungwa shawa au koki. Kwa shemeji rudia kazi bila kudai hela ya ufundi.

Kuhusu akiba, nunua spana za bomba mbili, spana malaya, msumeno, mkasi wa PPR, futi, pima maji na mashine. Drili na grainda azima au kodi mpaka kazi zenyewe zizinunue. Nyumba nzima usiikubali bado. Jishikize kwa fundi mkongwe umsaidie moja tangu msingi mpaka masinki. Huku ukifanya hivyo, ishi kwa matengenezo madogo, kwa sababu yanalipwa siku hiyo hiyo na jirani anaona.

Mteja akilalamikia bili ya maji, usianze kuvunja ukuta. Funga koki zote, uangalie kigurudumu kidogo cha mita ya maji. Kinazunguka? Funga valvu inayopeleka maji tangini. Kikisimama, panda uangalie boya. Mara nyingi limechoka na maji yanamwagika kwenye bomba la kutolea maji ya ziada. Kikiendelea, uvujaji uko kati ya mita na valvu hiyo. Dakika kumi, na hiyo dakika kumi itoze. Mafundi wengi wanaona aibu kutoza kuangalia.

Vifaa mwandikie mteja orodha anunue mwenyewe, au mwende naye dukani. Hela ya vifaa ikikaa mfukoni mwako pamoja na ya ufundi, siku mtoto akiugua utaila, na kazi itasimama. Andika bei ya ufundi kwa pointi, chukua nusu mnapoanza. Na kabla fundi ujenzi hajapiga plasta, jaza maji mabomba yote yalale usiku mzima. Asubuhi pitisha kiganja kavu kila kiungo.